Neno Nililolisikia kwa Fundi Bomba

4 Machi
Asubuhi ukungu mzito, hakuna upepo. Kipima mvua kikavu.

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Sisi huku hatujambo. Shemeji yako anakusalimu. Amejikata nywele mwenyewe kwa mkasi wa bustani, kwa hiyo ukija kumwona usicheke, mwulize tu alipigana na nani. Paa la kituo limezibwa, lakini si na mtu anayejua kuziba. Msaidizi wangu ameomba likizo, nimemwambia asahau mpaka msimu wa mvua uishe.

Sasa habari za Bosi mwanangu. Tangu umchukue bado napika chakula cha watu watatu, halafu nakasirika nikiona kimebaki.

Najua nilikueleza yote siku ile pale stendi, lakini stendi ina kelele na wewe ulikuwa unaangalia mizigo. Narudia. Akikutazama mdomoni, ana njaa. Akishika sikio, ni usingizi. Akisimama karibu nawe bila kukugusa, anataka maji. Akilala kifudifudi sakafuni, kuna kelele inayomsumbua, itafute uizime. Mtu akijua haya, Bosi hana shida na mtu. Miaka mitatu na nusu nimeishi naye bila neno hata moja na hatujawahi kushindwa kuelewana. Hao wa kliniki wamfundishe kusema na watu wengine. Sisi wawili tulishamaliza.

Unajua ningekuja mwenyewe. Vipimo vya hapa lazima visomwe kila asubuhi na kutumwa kwa simu ya upepo, msaidizi bado anavikosea, na mvua zikianza sina wa kumwachia. Kliniki nayo ilisema nafasi ni sasa au iende kwa mwingine, na mtoto aje na mtu mmoja, yuleyule kila wiki, wa kukaa naye kwenye mkeka. Ndiyo maana ni wewe. Si kwamba mimi nilishindwa.

Jambo moja. Usimzoeze kulala kifuani kwako. Ana kitanda chake, nilikilipia nauli.

Dada yako


19 Machi

Shikamoo Dada,

Barua yako imefika ikinuka dizeli, dereva wa lori aliisahau chini ya kiti. Mimi mzima. Dukani tumepata kazi ya mapazia ya hoteli nzima, mwenye duka anatukimbiza kama kuku. Kwa hiyo siku hizi nina mabosi wawili, na huyu mdogo ndiye mkali zaidi. Mpe shemeji pole ya nywele.

Kliniki tunaenda kila Jumatano. Ni chumba kimoja kirefu, magodoro yameegemezwa ukutani, kioo kimebandikwa chini kabisa usawa wa mtoto, na bembea ya kitambaa inaning'inia kwenye ndoano ya dari. Mtaalamu ni mama wa makamo, mnene, anavaa soksi za rangi mbili tofauti ili watoto wazitazame. Wazazi wamempa jina Mama Subiri. Utaelewa.

Siku ya kwanza Bosi alisimama karibu nami bila kunigusa. Nikainuka kufuata maji. Mama Subiri akanishika mkono.

"Unakwenda wapi?"

"Anataka maji."

"Amesema?"

"Hasemi. Ndiyo tumemleta."

"Basi subiri."

Tukasubiri, Dada. Bosi alinitazama kama mwenye kampuni aliyegundua ameajiri mvivu. Akapiga mguu chini. Akalala kifudifudi. Akaamka. Mwisho akakamata kidole changu, akaniburuta hadi kwenye kikombe, akakibandika kidole juu yake. Mama Subiri akammiminia maji mbiombio, akapiga kelele: "Maji! Umeomba maji!" Wazazi wote wakapiga makofi. Bosi akanywa bila kumtazama mtu.

Anasema mtoto huyu hakosi akili wala masikio, ila hajawahi kuona sababu ya kuomba. Aliniuliza nani alimzoesha kupewa kabla ya kuomba. Nikamjibu, sote.

Neno bado. Analala vizuri.

Mdogo wako


2 Aprili
Mvua tangu alfajiri, radi upande wa mabwawa. Barabara ya chini imefungwa mara mbili wiki hii.

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima na hoteli hiyo imepata mapazia yake. Shemeji yako ana kikohozi. Kuku mweupe ametaga kwenye kofia yake ya kazi, na shemeji yako ameamua kuiacha kofia hapohapo mpaka vifaranga vitoke.

"Analala vizuri." Wapi? Sikuuliza kama analala vizuri.

Na hao "sote" ni akina nani? Wewe ulikuwa unakuja kututembelea mara moja moja na peremende mkononi, unamrusha juu mara tatu, unaondoka. Hukumzoesha kitu. Kama ulitaka kusema ni Dada, ungesema ni Dada, na huyo mama aandike kwenye faili lake.

Huyo Mama Subiri amezaa? Nauliza tu. Kazi yangu ni kutazama anga na kusema kitakachonyesha kabla hakijanyesha, na serikali inanilipa kwa hilo. Leo nitaambiwa ni kosa kumtazama mwanangu na kujua ana kiu?

Jumatano ikifika natazama saa ya ukutani. Nasema sasa wanaingia. Sasa anavuliwa viatu, na anayemvua ni wewe. Sasa yuko kwenye bembea, na anayeisukuma ni wewe. Shemeji yako, ambaye unajua anasema neno moja kwa siku, jana alilitumia kuniambia "acha."

Kama kusubiri kwao ni kumnyima mtoto maji, mpe maji. Nakuagiza. Natuma sweta, alivae hata kama huko ni joto. Nimelifuma mwenyewe na nataka alivae.

Dada yako


30 Aprili

Shikamoo Dada,

Pole na mvua, pole na kikohozi cha shemeji. Nisamehe kuchelewa, kazi ya hoteli imetubana, nalala na sindano mdomoni. Bomba la sinki la jikoni lilipasuka, fundi amekuja, limetengemaa. Bosi hajambo, anakula, sweta linamtosha. Kliniki tunaendelea. Mama Subiri anasema tunaendelea.

Sina jipya la kuandika.

Mdogo wako


11 Mei
Kumekucha kweupe, jua kali mapema. Mvua ya usiku ndogo.

Mdogo wangu,

Wote wazima. Salamu zimeishia hapo.

Bomba la tangi letu lilikatika, ofisi ikatuletea fundi kutoka huko mjini. Mtu mchangamfu, mdomo haufungi. Nikampikia chai. Akaniuliza ndugu zangu wako wapi, nikamwambia nina mdogo wangu kwenye duka la mapazia nyuma ya soko. "Yule mwembamba mwenye mwanya?" Ndiye. "Namfahamu! Nilimtengenezea sinki mwezi uliopita. Ana katoto kazuri, kana sura ya hakimu. Alikuwa anakabembeza kwenye pazia, akisimama tu, kenyewe kanasema 'tena.' Akisimama, 'tena.' Nilicheka na spana mkononi."

Nikamwambia arudie.

Akarudia. Akaniigizia na sauti. Fundi bomba, mikono imejaa grisi, amekaa kwenye kiti changu, anaiga mdomoni mwake sauti ya mwanangu ambayo mimi sijawahi kuisikia. Halafu akaomba sukari iongezwe.

Nilimwongezea.

Na wewe ulikaa chini, tarehe thelathini, ukachukua kalamu, ukaniandikia kwamba huna jipya. Ulikuwa na habari ya sinki, mdogo wangu. Sinki uliliandika.

Mwezi ujao mtu atanishikia kazi hapa kwa siku chache. Nakuja kumchukua mwanangu. Mfungie nguo zake.

Dada yako


20 Mei

Shikamoo Dada,

Sitauliza habari za huko kwa sababu naona sijapewa.

Ni kweli. Alisema. Lilitoka siku ileile barua yako ya "mpe maji" ilipofika. Niliisoma nimesimama, nikakasirika. Nikafunga kitambaa cha pazia kwenye mhimili, nikamweka Bosi ndani nimbembeze, mikono ipate kazi nisije nikakujibu vibaya. Halafu nikasimama. Si kwa mafunzo ya Mama Subiri, hapana, nilikuwa nawaza la kukujibu. Yeye akasema, "tena." Fundi alikuwa chini ya sinki, akacheka hukohuko, hata hakugeuka.

Nilianza kukuandikia mara nyingi nikachana. Nilitaka alirudie mbele yako, udhani ndiyo mara ya kwanza. Nilitaka kukudanganya vizuri, nikakudanganya vibaya. Hiyo ni nusu ya sababu. Nusu nyingine sitaiandika.

Sasa nisikilize. Mzunguko wao wa mafunzo unaisha mwisho wa Julai. Ukimtoa kabla, nafasi inakwenda kwa mtoto mwingine, na foleni yao imefika mpaka barazani, nimewaona. Hawarudishi mtu. Shemeji ulimwuliza? Au na yeye atasikia kwa fundi?

Nakuuliza jambo na unaweza kunitukana kwa lori linalofuata. Unataka Bosi aseme, au unataka aseme kwako?

Njoo. Nguo zake nitazifunga. Lakini ufike Jumatano, asubuhi, uje kliniki kwanza ukae kwenye mkeka mwenyewe. Ukitoka hapo umchukue, sitasema kitu.

Mdogo wako


14 Juni
Baridi, mawingu ya juu, hayana mvua. Nimerudi juzi.

Mdogo wangu,

Hujambo. Shemeji yako hajambo. Aliponiona nashuka kwenye lori na begi tupu, alinipokea begi, akalitikisa, akaenda kuchemsha maji ya kuoga.

Uliona nimeondoka bila kuaga. Naandika sasa yale ambayo hukuyaona, maana Mama Subiri alikutoa nje.

Ulipofunga mlango alinipa ile chupa ya mapovu ya sabuni. Akasema, puliza mara moja, funga kifuniko, kaa kimya. Nikapuliza. Bosi akacheka, akayakimbilia yote, akayapasua kwa viganja, akarudi kusimama mbele yangu. Nikafungua chupa. Mama Subiri akasema, "Mama, umemjibu kabla hajakuuliza." Nikafunga. Bosi akanitazama mkononi. Nikafungua tena, mkono ulijiendea wenyewe. "Mama." Safari ya tatu nilikalia mikono yangu yote miwili kama mtoto wa shule aliyeadhibiwa, na chupa ikawa sakafuni kati yetu.

Sijui kama unajua ninavyoteseka kumtazama anataka kitu nami nina uwezo wa kumpa. Aliipiga chupa. Aliinusa. Alinivuta sketi. Nilimwomba moyoni, sema, mwanangu, sema chochote, hata nitukane.

Akasema, "tena."

Alilisema waziwazi kama karani. Lakini hakunitazama. Alilisema akiutazama mlango uliotokea wewe.

Mama Subiri akaruka: "Mpe! Amesema, mpe!" Nikamwambia, "Hakusema na mimi." Akasema, "Mama, hapa hatuchagui. Puliza." Nikapuliza, yakatoka mapovu makubwa mabaya, moja likampasukia puani. Akapiga chafya. Akaiokota chupa, akaja akaiweka mapajani mwangu, akakaa. Akanisubiri mimi.

Kwa saa moja ile aliomba vitu vingi kuliko alivyoniomba maisha yake yote. Nilikuja na begi, na nilikuwa nimeamua, na nisingebadilika kwa maneno yako wala ya huyo mama. Lakini nimefanya kazi ya vipimo muda mrefu, nikiona kipimo siwezi kukiandika vingine. Ndiyo nikamwacha.

Usidhani nakushukuru. Nitashukuru nitakapoweza. Na kabla ya kliniki, nilipoingia chumbani kwako kuchukua nguo zake, nilikiona kitanda chake. Kimejaa masanduku ya nyuzi mpaka juu, na mto wako una mabonyeo ya vichwa viwili. Sikusema kitu siku ile. Leo nasema: nimeona.

Dada yako


6 Julai

Shikamoo Dada,

Natumaini baridi imepungua, na maji ya kuoga ya shemeji yalikuwa ya moto. Mwenye duka amekubali kunipa Jumatano zote bila kununa, ila sasa ananuna Alhamisi.

Tangu uondoke mambo yamegeuka. Nikipuliza mapovu nikafunga, haniombi. Ananipokonya chupa, anaipeleka mlangoni, anausemea mlango: "tena." Nikiufungua anachungulia nje, kushoto, kulia, halafu ananitazama mimi kama mhudumu aliyeleta chakula cha meza nyingine. Nimekaa naye tangu Februari. Wewe ulikaa kwenye mkeka asubuhi moja.

Nilimweleza Mama Subiri nikidhani atasikitika. Alifurahi mpaka akakaa chini. "Anamwomba mtu asiyekuwepo! Unajua hiyo ni hatua kubwa kiasi gani?" Nikasema ndiyo, kubwa. Nilipofika nyumbani niliufunga mlango kwa ufunguo, nikaficha ufunguo, na bado akausemea.

Masanduku ya nyuzi nimeyatoa kitandani. Amelala huko usiku wa jana na wa juzi. Hakulia. Nilidhani atalia.

Kliniki wametupa mzunguko wa pili, mpaka mwisho wa mwaka. Wanataka jibu kabla Julai haijaisha. Na mara moja kwa mwezi wanaruhusu watu wazima wawili kwenye mkeka, siku hiyo mmoja anasubiri na mwingine anapuliza.

Kuna neno la pili, Dada. Lilitoka Jumanne, hapa nyumbani, tulipokuwa wawili tu, na hapakuwa na fundi yeyote. Hilo sijakuandikia. Sema mwenyewe: nikuandikie, au nilikalie mpaka uje ulisikie kwake?

Mdogo wako


21 Julai
Anga safi kabisa, upepo wa kusini mwepesi. Kipima mvua hakina kitu, na hakitakuwa na kitu mwezi huu.

Mdogo wangu,

U hali gani? Vifaranga vya kwenye kofia vimekua, na shemeji yako amenunua kofia nyingine. Msaidizi sasa anasoma vipimo bila kukosea, nimemwacha peke yake asubuhi tatu nikiwa nimejificha nyuma ya tangi kumwangalia.

Kabla ya yote nikuambie nilivyosoma barua yako. Nilipofika pale anapokunyima wewe na kuusemea mlango, nilifurahi. Nilifurahi vibaya. Nilimwita shemeji yako nikamsomea kwa sauti, na pale pa mhudumu aliyeleta chakula cha meza nyingine nilirudia mara mbili. Halafu nikafika pa ufunguo, nikaacha kusoma kwa sauti.

Mzunguko wa pili, ndiyo. Waambie siku utakayopata barua hii, usingoje Jumatano. Abaki kwako mpaka mwaka uishe. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi nitakuja mimi, tutakaa wote kwenye mkeka, na tutagombana nje nani asubiri na nani apulize, tusigombane mbele ya Mama Subiri.

Wivu haujaniisha, na sioni ukinunua tiketi ya kuondoka. Ukimvua viatu bado nitaona huku niliko. Kwa hiyo usinifichie kitu kwa kunihurumia. Kila neno litakalotoka, liandike siku hiyohiyo, hata kama amekuambia wewe, hata kama ameuambia mlango, hata kama ni kwa fundi bomba. Nitaumia, lakini niumie kwa tarehe yake.

Kuhusu hilo la pili umeniuliza nisubiri au uniandikie. Mimi si mwanafunzi wa Mama Subiri. Niandikie.

Kitandani mfunike sawasawa, huwa anasukuma shuka kwa miguu. Na akija kifuani kwako usiku, basi mwache.

Dada yako

Naongeza asubuhi, lori linapakiwa. Nilikaa nikikisia ni neno gani. Niliyajaribu yote ninayoyajua, moja moja, kwa sauti ya mtoto, mpaka shemeji yako akabeba mto wake akahamia sebuleni. Nililala saa nane na dakika ishirini usiku.